Mtoto akigongwa na gari, msiharakishe 'kumalizana'

'Tumalizane' ni neno zuri. Wapangaji waliozozana kwa sababu ya umeme humalizana. Majirani waliokosana kwa ajili ya kuku aliyeharibu bustani humalizana. Ndugu waliogombea shamba la marehemu baba yao wakikalishwa na wazee humalizana, wakala pamoja na maisha yakaendelea. Ni neno la watu wanaojua kwamba kesho wataonana tena.

Lakini neno hilo hilo likitamkwa siku mbili baada ya ajali, mtoto akiwa bado amelazwa na hakuna daktari aliyesema mfupa wake utaungaje, linaweza kumgharimu mtoto huyo miaka mingi. Familia nyingi huligundua hilo zikiwa zimeshaweka sahihi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Karibu robo ya wote wanaokufa ni watembea kwa miguu, yaani watu ambao hawakuwa ndani ya gari wala juu ya pikipiki. Walikuwa wakienda sokoni, kazini au shuleni.

Hesabu hiyo ni ya waliokufa. Waliobaki na mguu mfupi, na mama aliyeacha biashara yake miezi sita kumuuguza mtoto, hawamo.

Laki nne mezani

Mama mmoja wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, anauza chakula cha mchana kwa mafundi na makondakta. Mume wake ni fundi rangi. Binti yao alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu, siku alipogongwa akitoka shule.

Alikuwa anavuka kwenye alama za pundamilia pamoja na wenzake wawili. Daladala ilisimama kuwapisha. Gari dogo lililokuwa nyuma ya daladala halikusubiri. Lilichomoka pembeni kulipita, na watoto wawili wakawahi kurudi nyuma. Wa tatu hakuwahi. Mguu wake wa kulia ulivunjika karibu kabisa na goti.

Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na hakukimbia. Alimbeba mtoto mwenyewe hadi hospitali, akalipia picha ya mguu, akanunua dawa, na usiku ule alikaa kwenye benchi nje ya wodi hadi mama alipomwambia aende akalale. Kesho yake alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Kila alipomwona mama wa mtoto alimwamkia huku ameinamisha kichwa.

Wema wake ndio uliofanya mambo yawe magumu. Laiti angekuwa mkaidi, familia ingejua la kufanya.

Siku ya tatu kilifanyika kikao nyumbani. Alikuja kaka mkubwa wa baba, ambaye mtoto humwita baba mkubwa. Kijana alikuja na mjomba wake. Mezani waliweka shilingi laki nne na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi ilisema kwamba wazazi wamepokea fedha hizo, kwamba wamemsamehe dereva, na kwamba hawatadai kitu kingine chochote kuhusu ajali hiyo, sasa wala baadaye.

"Kijana wa watu hakukusudia," alisema baba mkubwa. "Mtoto yuko hai, tumshukuru Mungu. Tumalizane kibinadamu, tusianze kuzungushana polisi na mahakamani."

Baba wa mtoto alikuwa kimya. Alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na tangu ajali itokee hakuwa amekwenda kazini. Laki nne zilikuwa mbele ya macho yake.

Aliyevunja ukimya alikuwa dada yake, shangazi wa mtoto. Yeye ana bajaji moja anayomkodishia kijana wa mtaani kwao. Hakuuliza habari za sheria. Aliuliza swali la mtu anayetoa fedha zake kila mwaka.

"Hilo gari lina bima?"

Kijana alisema lina bima ndogo.

"Basi mimi sielewi," alisema shangazi. "Kila mwaka nalipia bima ndogo ya bajaji. Kama mtu akigongwa tunachangishana mifukoni, ile bima ni ya kazi gani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kijana mwenyewe alikiri kwamba siku zote aliijua bima ndogo kama kitu cha kumwonyesha trafiki.

Kikao kilivunjika bila sahihi. Mama alisema anaomba muda hadi mtoto atoke hospitali. Baba mkubwa aliondoka bila kunywa chai.

Bima ndogo ni ya nani?

Swali la shangazi ndilo linalopaswa kuulizwa katika kila kikao cha namna hiyo.

Tanzania ina Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Inakataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani bila kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliye nje ya mkataba wao lakini anaweza kuumizwa na gari hilo. Anayevuka barabara ni mtu wa tatu, na mtoto anayetoka shule ni mtu wa tatu.

Ndiyo maana bima ndogo haimtengenezei dereva gari lake likipondeka. Haikuwekwa kwa ajili yake. Mwenye gari anailipia, lakini anayenufaika mwili ukiumia ni mtu ambaye huenda hata hamjui.

Wazo hilo lina historia. Magari yalipoanza kuwa mengi, ilionekana kwamba wengi waliogonga watu hawakuwa na uwezo wa kulipa fidia, hata mahakama ikiamuru. Mwaka 1930 Uingereza iliweka sheria ya kumlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya aina hiyo, na nchi zilizotawaliwa nayo, Tanganyika ikiwamo, zikawa na sheria zinazofanana. Shabaha ilikuwa moja: aliyeumizwa asitegemee mfuko wala huruma ya aliyemuumiza.

Kwa hiyo familia inapodai fidia, kwa kawaida haimfilisi dereva. Kampuni ya bima ndiyo inayobeba mzigo, na ililipwa kwa kazi hiyo. Sheria hiyo inaitaka kampuni kulipa pale mahakama inapomtia dereva au mwenye gari katika deni la fidia ya kuumia au kifo cha mtu wa tatu. Madai mengi huishia kwenye mazungumzo kabla ya kufika huko, kwa sababu kampuni nayo inajua mahakama ipo.

Kuna jambo jingine ambalo kijana yule hakulijua. Mikataba mingi ya bima inamtaka mwenye gari kutoa taarifa ya ajali mapema, na inamkataza kukiri deni au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Dereva anayekimbilia kumalizana pembeni anaweza kujifungia mlango wa bima aliyoilipia mwenyewe. Kumalizana kwa haraka kunaweza kumuumiza hata yeye.

Mfupa wa mtoto una siri yake

Wiki ya sita, mtoto alipofunguliwa hogo, daktari wa mifupa alimketisha mama akamweleza jambo ambalo halikuwa limesemwa kwenye kikao chochote.

Mfupa wa mtoto hurefuka kutoka sehemu laini iliyo karibu na kiungo. Kuna moja juu ya goti na nyingine chini yake, na hizo ndizo zinazourefusha mguu kwa sehemu kubwa. Mfupa ukivunjika katikati, kwa kawaida mtoto hupona vizuri, mara nyingi kuliko mtu mzima. Lakini ukivunjika pale karibu na goti, sehemu hiyo ya kukulia inaweza kudhurika. Mguu mmoja ukaendelea kurefuka na mwingine ukabaki nyuma, au ukapinda.

"Leo siwezi kukuambia," alisema daktari. "Tutampima baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka."

Mama aliikumbuka ile karatasi: sasa wala baadaye. Kama angesaini, angekuwa ameuza jibu la swali ambalo hata daktari alikuwa bado hana.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoharakisha, na haimhusu mtoto wa mifupa peke yake. Aliyegongwa kichwa anaweza kuonekana mzima, kisha baada ya wiki kadhaa walimu wakaona hashiki masomo kama zamani. Anayedai kabla ya kujua ukubwa wa jeraha anadai gizani.

Kusamehe ni jambo moja, kudai ni jingine

Baba mkubwa hakupendezwa. Alimpigia simu mdogo wake akasema mke wake anamfanya mtoto biashara. Kwa muda wa miezi miwili hakukanyaga nyumbani kwao. Baba wa mtoto alibaki katikati: upande mmoja kaka yake aliyemlea, upande mwingine mke wake, na kodi ikiwa bado haijalipwa.

Siku walipokutana msibani kwa jirani, mama alimsogelea shemeji yake akamsalimia, kisha akasema maneno ambayo wanafamilia bado wanayakumbuka.

"Shemeji, ningegongwa mimi ningesamehe siku ile ile. Lakini mguu si wangu. Ni wa mtoto. Nitausamehe vipi mguu wa mtu mwingine?"

Wazazi wengi hawajawahi kulitazama jambo kwa jicho hilo. Mzazi ni msimamizi wa haki ya mtoto. Anaweza kumsamehe dereva kwa moyo wake, akamwombea, hata akala naye, na mama huyu alifanya hivyo. Kijana aliendelea kuja kumsabahi mtoto. Lakini fidia ni ya atakayeishi na mguu ule akiwa na miaka kumi na tano, ishirini na tano na arobaini. Ni yeye atakayehitaji kiatu cha kujazia, upasuaji wa pili, au kazi ya kukaa badala ya kusimama.

Sheria nayo inamtazama hivyo. Mtoto hawezi kufungua kesi ya madai mwenyewe. Mtu mzima humfungulia kwa niaba yake, na kesi ikiwa mahakamani mtu huyo hawezi kuimaliza kwa makubaliano ya pembeni bila ruhusa ya mahakama. Mahakama inajua kwamba hata mzazi mwema anaweza kubanwa na kodi ya nyumba.

Faini ya trafiki si fidia

Kesi ya trafiki ilisikilizwa. Kijana alikiri kosa, akapigwa faini na kulipa. Baba wa mtoto alirudi nyumbani amechanganyikiwa. "Amelipa," alisema, "lakini sisi tumepata nini?"

Hawakupata kitu, kwa sababu faini huingia serikalini. Hapa ndipo wengi hupotea. Ajali moja huzaa mambo mawili tofauti. La kwanza ni jinai, ambayo ni ya Jamhuri dhidi ya dereva chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Sheria hiyo inamtaka dereva kumpisha anayevuka kwenye kivuko na kusimama anaposababisha ajali. Familia haina mamlaka ya kuifuta kesi hiyo kwa sababu tu imesamehe. La pili ni madai ya fidia, ambayo ni ya aliyeumizwa, na hayaanzi mpaka yeye au mzazi wake ayaanzishe.

Mahakama inayomtia mtu hatiani inaweza pia kuamuru amlipe fidia aliyeumizwa, lakini mzazi asikae akingoja hilo. Afuatilie nakala ya hukumu. Dereva akishatiwa hatiani, hukumu hiyo ni ushahidi wenye nguvu sana kwenye madai, na kampuni ya bima hupata shida kusema dereva wake hakuwa na kosa.

Na kama mtembea kwa miguu naye alikosea, kwa mfano alivuka ghafla mahali pasipo na kivuko? Hilo haliondoi haki yote. Mahakama hupima kila upande ulichangia kiasi gani na kupunguza fidia kulingana na hapo. Kwa mtoto mdogo, haitarajiwi awe na uangalifu wa mtu mzima. Kwa hiyo dereva akisema "mtoto ndiye aliyejirusha", hayo bado ni maneno ya upande mmoja.

Bahasha ya kaki

Tangu siku ya kwanza, shangazi alimpa mama bahasha kubwa ya kaki na daftari. "Kila karatasi iingie humu," alisema. "Hata ya panadoli."

Ndani ya bahasha iliingia nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Ziliingia namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, namba ya gari, jina la dereva na la mwenye gari. Zikafuata picha za mguu, kadi ya kliniki, fomu ya kuruhusiwa kutoka wodini, risiti za dawa, na risiti ya magongo. Baadaye iliingia ripoti ya polisi kuhusu ajali pamoja na ramani ya eneo ambayo trafiki aliichora.

Kwenye daftari aliandika vitu visivyo na risiti: nauli ya bajaji kwenda kliniki, tarehe, kiasi. Siku alizofunga biashara. Siku mtoto alizokosa shule. Simu za mama mmoja muuza matunda na kondakta wa daladala, ambao waliona kila kitu.

Umuhimu wa bahasha hiyo unatokana na jinsi fidia inavyohesabiwa. Kuna hasara mahsusi, yaani fedha zilizokwisha kutoka, kama matibabu, dawa, nauli na kipato kilichopotea. Hizo mahakama hutaka zithibitishwe moja baada ya nyingine, na kisicho na uthibitisho kwa kawaida hukataliwa. Halafu kuna fidia ya jumla, kwa ajili ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika. Hii haina risiti. Hakimu hukadiria, na anachokitegemea zaidi ni ripoti ya daktari inayoeleza jeraha limefikia wapi na ulemavu ni wa kiasi gani.

Hata hivyo kuna vitu mama alivikosa. Wiki ya kwanza, kabla ya daftari, fedha nyingi zilitoka bila karatasi. Hizo hakuzipata tena.

Njia ndefu, lakini ipo

Mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) unamwezesha mtu yeyote kuhakiki bima ya gari mtandaoni kwa kutumia namba ya usajili. Shangazi alifanya hivyo kwa simu yake. Jina la kampuni likaonekana, na bima ilikuwa hai tarehe ya ajali.

Msaidizi wa kisheria wa mtaani aliwaelekeza kwenye kituo kinachotoa msaada bila malipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa aina hiyo pamoja na taasisi zinazotoa huduma hiyo kwa wasio na uwezo. Wakili wa pale aliandika barua ya madai kwa kampuni, akaambatanisha nakala. Akasisitiza mambo mawili.

La kwanza, kampuni ipewe taarifa kwa maandishi mapema, tena kabla ya kufungua kesi, na familia ibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Taarifa isipotolewa kwa wakati, kampuni inaweza kuitumia kama sababu ya kukataa.

La pili, saa inakwenda. Madai ya kuumizwa kwa uzembe yanatakiwa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Kwa mtoto, sheria ya ukomo humpa nafuu, kwa kuwa muda hauhesabiwi dhidi yake akiwa bado mdogo. Lakini anayengoja hupoteza mashahidi na karatasi, na mtu mzima hana nafuu hiyo. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa. Wapo walioambiwa "njoo wiki ijayo" hadi miaka mitatu ikapita.

Kampuni ilijibu baada ya muda mrefu. Kiasi cha kwanza kilikuwa kidogo, na kilikuja na fomu ya kusaini kwamba madai yote yamekwisha. Ilikuwa ile ile karatasi ya baba mkubwa, ila hii ilikuwa imepigwa chapa na ina nembo. Wakili alishauri wasubiri kipimo cha mwaka.

Kipimo kilionyesha mguu wa kulia umebaki nyuma kwa sentimita mbili. Daktari aliandika ripoti. Barua ya pili ikapelekwa, safari hii ikieleza kwamba familia iko tayari kwenda mahakamani. Mwezi wa kumi na sita tangu ajali, walikubaliana kiasi kilichozidi laki nne mara nyingi. Hakikutosha kumfanya mtu tajiri. Kilitosha kufungua akaunti ya mtoto benki kwa ajili ya matibabu yake ya mbele, kulipa madeni ya dawa, na kununua viatu viwili, kimoja kikiwa na soli iliyojazwa.

Mwenye mgogoro na kampuni ya bima anaweza pia kupeleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Na anayetafuta wakili ahakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka hawakosekani hospitalini na vituoni, na hupenda kuahidi mamilioni kabla hata ya kusoma PF3.

Kama gari halina bima, au mtu amefariki

Gari lisipokuwa na bima, hilo ni kosa, lakini haki ya aliyeumizwa haifi. Dereva hudaiwa yeye mwenyewe. Na kama alikuwa akiendesha kwa ajira, mwajiri wake mwenye gari naye hudaiwa. Ndiyo maana jina la mwenye gari ni muhimu kama la dereva. Pikipiki ya bodaboda ni chombo cha moto kama gari, na kanuni ni hizo hizo.

Aliyegongwa akifariki, waliomtegemea, yaani mke au mume, watoto na wazazi, wanaweza kudai fidia. Kwa kawaida anayedai kwa niaba yao ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinachomchagua msimamizi kisipite muda mrefu bila kufika mahakamani. Na ubani wa dereva msibani ni ubani. Upokelewe kwa heshima, lakini usiandikiwe karatasi ya kufuta madai.

Ya kukumbuka saa ile

Saa ya ajali hakuna anayekumbuka sheria, kwa hiyo yapo machache ya kuyashika kabla.

Uhai kwanza. Mgonjwa apelekwe hospitali, na ndugu mwingine aende polisi kufuata PF3. Mmoja apige picha ya namba ya gari, mahali liliposimama na alama za barabarani, kabla halijaondolewa. Achukue simu za mashahidi wawili. Dereva akitoa fedha za matibabu, zipokelewe na ziandikwe kuwa ni msaada wa matibabu. Kupokea msaada hakufuti haki; kinachoweza kuifuta ni sahihi kwenye karatasi inayosema mmemaliza. Karatasi hiyo isisainiwe mpaka daktari aseme jeraha limefikia mwisho wake, na mtu anayejua sheria awe ameisoma.

Kisha kuna upande ambao wazazi husahau, kwa sababu wengi wao ni madereva pia. Mwenye gari, bajaji au pikipiki ahakiki leo kama bima yake iko hai na kama kweli imesajiliwa kwenye mfumo wa TIRA, maana stika za kughushi zimewahi kuwaliza wengi. Amuulize pia bodaboda anayempeleka mwanawe shule. Fedha ile ya kila mwaka inaonekana kama ya kumridhisha trafiki, lakini imelipwa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, ambaye kesho atashuka kwenye daladala, atatazama kulia na kushoto, na kuanza kuvuka.